Jitu moja, vidogo vingi, ubia au kujenga: njia nne za kampuni ya vifungashio kuingia kwenye dawa

Mteja wa sabuni au wa unga anaweza kukuacha wiki hii akahamia kwa jirani yako anayeuza mfuko kwa bei nafuu kidogo. Mteja wa dawa hakuachi kirahisi namna hiyo. Kiwanda cha dawa kinapoomba kusajili sindano, faili linalopelekwa kwa mamlaka ya dawa (FDA ya Marekani, EMA ya Ulaya, TMDA kwa Tanzania au PPB kwa Kenya) hueleza pia chombo kilichobeba dawa hiyo: kichupa cha kioo cha aina gani, kizibo cha mpira cha aina gani, nani anavitengeneza. Akitaka kubadilisha kizibo, itambidi arudie vipimo vya uthabiti, yaani vya kuona kama dawa inabaki salama na nguvu zake kadiri muda unavyopita, ambavyo hata vile vya haraka, vya kuiweka dawa kwenye joto la nyuzi 40, huchukua miezi 6. Kisha aijulishe mamlaka na asubiri. Wengi wakipiga hesabu hiyo huamua kubaki walipo.

Ndiyo maana watengenezaji wa vifungashio wamekuwa wakiitamani sekta hii. Na ndiyo maana wengi huingia kwa kununua: mashine unaweza kuiagiza mwenyewe, lakini nafasi ndani ya faili la mteja haiagizwi. Swali linalowakwamisha wamiliki na bodi ni la namna. Ununue kampuni kubwa kwa mkupuo? Ununue ndogo ndogo kwa miaka? Uingie ubia na mwenye ujuzi? Au uache yote hayo ujenge kiwanda chako?

Njia zote nne zina mifano hai, mingi ikiwa Marekani na Ulaya. Nitaziweka kwenye mizani moja.

Vigezo

Fedha: bei, na zaidi ya bei, zinatoka wapi. Kulipa kwa hisa, kwa mkopo wa benki na kwa akiba ni mambo matatu tofauti kabisa.

Muda: tangu bodi ipige kura hadi siku unapomuuzia mteja wa dawa mzigo wa kwanza.

Idhini: hapa zipo za aina mbili. Kuna tume ya ushindani inayokuruhusu kununua, na kuna wakaguzi wa ubora wa mteja wanaokuruhusu kuendelea kuuza. Kwenye aina ya pili utakutana na viwango kama ISO 15378 kwa vifungashio vinavyogusa dawa, ISO 13485 kwa vifaa tiba na ISO 11607 kwa vifungashio vya vifaa vilivyotakaswa.

Kuunganisha: watu, mifumo, mashine, na ni kiasi gani unaweza kugusa bila kuharibu ulichonunua.

Hatari: kitu gani kikienda mrama kitakuumiza zaidi.

Mwisho wa kila njia nitasema inamfaa nani.

Njia ya kwanza: kununua jitu

Mfano mkuu ni Amcor, kampuni yenye mizizi Australia na makao makuu Zurich. Mwaka 2018 ilitangaza kuinunua Bemis ya Marekani, iliyoanza 1858 mjini St. Louis kwa kushona mifuko ya kubebea unga na nafaka, ikaja kuwa na viwanda vya vifungashio vya hospitali. Ununuzi huo wa dola bilioni 6.8 ulikamilika Juni 2019. Miaka michache baadaye Amcor ikarudia, mara hii kwa Berry Global, mtengenezaji wa vifungashio vya plastiki wa Marekani: ilitangaza Novemba 2024, ikamaliza 30 Aprili 2025.

Fedha. Mara zote mbili Amcor ililipa kwa hisa. Mwenye hisa 1 ya Bemis alipewa 5.1 za Amcor, na kwa Berry uwiano ukawa 7.25. Uzuri wake ni kwamba huendi benki kukopa bei nzima. Ubaya ni kwamba kipande chako kinapungua: baada ya Berry, wanahisa wa awali wa Amcor walibaki na takribani asilimia 63 ya kampuni. Madeni ya unayemnunua nayo yanahamia kwako. Linganisha na Gerresheimer ya Ujerumani, mtengenezaji wa vifungashio vya dawa, iliyomnunua mwenzake Bormioli Pharma mwishoni mwa 2024 kwa thamani ya takribani yuro milioni 800, ikibeba mzigo huo kwa mikopo. Mwaka uliofuata soko lake lilidorora na ikalazimika kushusha makadirio yake zaidi ya mara moja. Deni halikuleta udhaifu huo wa soko, ila mwenye deni kubwa mwaka mbaya humkuta amefungwa mikono.

Muda. Hapa jitu halina mshindani. Tangu kutangaza Bemis hadi kufunga ni miezi kama 10, na kesho yake tayari una wateja wa dawa, maabara na wakaguzi waliozoeana nawe.

Idhini. Hili ndilo linalonivutia zaidi, na sielewi kwa nini halizungumzwi sana. Amcor na Bemis zilikuwa zinauza vifungashio vya nyama, jibini, kahawa na peremende kwa mabilioni, lakini palipowashtua wadhibiti wa ushindani ni kwenye vifungashio vya hospitali. Tume ya Ulaya ililazimisha viwanda vitatu vya Bemis vya Uingereza na Ireland viuzwe. Vilikwenda kwa kampuni ya uwekezaji ya Kohlberg, iliyoviunganisha na Nelipak, kwa dola milioni 394. Marekani, Wizara ya Sheria nayo ilidai Amcor iachie baadhi ya bidhaa za hospitali, zikiwemo zile karatasi na Tyvek (kitambaa cha nyuzi za plastiki kinachofanana na karatasi) zilizopakwa gundi ya kufungia kwa joto. Zilichukuliwa na Tekni-Plex kwa dola milioni 215.

Tafakari sababu. Kinachokufanya uitamani sekta hii, yaani mteja kushindwa kuhama, ndicho kinachomtia hofu mdhibiti. Wauzaji ni wachache, kuhama ni kazi, kwa hiyo wawili wakiungana hospitali haina pa kukimbilia. Ukinunua mshindani wako wa moja kwa moja kwenye vifungashio vya dawa, tegemea kwamba kipande ulichokitaka zaidi ndicho utakachoambiwa ukiuze. Tume ya Ushindani ya Tanzania, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya na ile ya COMESA hazina sababu ya kuuliza swali tofauti.

Kuunganisha. Amcor iliahidi kuokoa dola milioni 180 kwa mwaka baada ya Bemis, na milioni 650 kufikia mwaka wa tatu baada ya Berry. Fedha za namna hiyo hutoka zaidi kwenye ununuzi wa malighafi kwa wingi, ofisi zinazojirudia na viwanda vinavyofungwa. Kwenye chakula unaweza kuhamisha mashine kutoka mji mmoja hadi mwingine bila mteja kulalamika mradi filamu ni ileile. Kwenye dawa, kuhamisha mashine ni kumrudisha mteja kwenye vipimo upya. Mhasibu mwenye haraka ya kuonyesha akiba anaweza, kwa kufunga kiwanda kimoja, kuwapa wateja sababu ya kwanza kwa miaka mingi ya kumtafuta msambazaji mwingine.

Hatari. Ukubwa wa kosa. Hakuna kukosea kidogo.

Inamfaa nani: kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa, yenye hisa zinazokubalika kama malipo, wanasheria wa ushindani wa kutosha, na biashara nyingine pana ya kubeba miaka miwili ya misukosuko.

Njia ya pili: kununua vidogo vidogo

UFP Technologies ilianza 1963 huko Massachusetts kwa jina la United Foam Plastics. Kazi yake ilikuwa kukata sponji na plastiki laini za kukinga bidhaa ndani ya maboksi. Leo sehemu kubwa ya mauzo yake ni vifaa tiba: vitambaa vya kufunikia roboti za upasuaji, vifaa vya kumhamishia mgonjwa kitandani, mifuko ya kuchomelewa kwa mawimbi ya redio. Haikufika hapo kwa mkupuo mmoja.

Fedha. Februari 2018 ilinunua Dielectrics kwa dola milioni 80. Mwishoni mwa 2021 ikachukua Contech Medical na DAS Medical, hii ya pili kwa takribani milioni 95. Mwaka 2022 ikaja Advant Medical ya Ireland, na mwaka huohuo ikauza kitengo chake cha vifungashio vya karatasi iliyofinyangwa, maana hakikuwa tena kwenye safari. Mwaka 2024 ikanunua tena, kubwa kuliko zote ikiwa AJR Enterprises ya Illinois kwa dola milioni 110. Mauzo yalipanda kutoka dola milioni 206 mwaka 2021 hadi milioni 504 mwaka 2024. Kila bei hapo ni ya kiwango ambacho kampuni ya wastani inaweza kubeba kwa mkopo wa benki na fedha zake. Manunuzi ya ukubwa huu huruhusu pia sehemu ya bei kucheleweshwa na kulipwa pale malengo yatakapofikiwa, jambo linalomfanya muuzaji abaki na hamu ya kazi.

Muda. Ununuzi mmoja ni wa haraka. Safari nzima ni ya miaka. Mwaka 2018 UFP bado ilikuwa na mguu mmoja kwenye sponji za viwandani.

Idhini. Tume za ushindani mara nyingi hazina shida na kampuni ndogo. Wakaguzi wa mteja nao hutulia kama jengo, mashine na watu ni walewale na kilichobadilika ni jina la mmiliki. Hata hivyo, kabla hujasaini soma kila mkataba wa ubora na kila mkataba wa mauzo ukitafuta kifungu cha mabadiliko ya umiliki. Mteja mkubwa anaweza kuwa na haki ya kuondoka siku hiyo. Omba pia ripoti za ukaguzi wa wateja na daftari la malalamiko. Hesabu za fedha zinaonyesha kampuni ilipata nini, daftari la malalamiko linaonyesha itaendelea kupata kwa muda gani.

Kuunganisha. Mara nyingi meneja aliyeijenga kampuni hubaki, na hilo ni jema. Lakini kila ununuzi unakuja na mfumo wake wa kompyuta, taratibu zake za ubora na mshahara wake. Baada ya manunuzi matano unaweza kujikuta na kampuni tano zenye nembo moja.

Hatari. Zipo mbili na UFP imezionja zote. Ya kwanza ni kumtegemea mteja mmoja: Intuitive Surgical, watengenezaji wa roboti za upasuaji za da Vinci, amekuwa akichukua kama robo ya mauzo ya UFP au zaidi. Kampuni ndogo inauzwa kwa bei nzuri aghalabu kwa sababu ina mteja mmoja mkubwa, na ukiinunua umenunua pia utegemezi huo. Ya pili ni watu. Mwaka 2025 AJR ilipoteza wafanyakazi wengi wa mstari wa uzalishaji kufuatia uhakiki wa haki yao ya kufanya kazi Marekani, na gharama za kuajiri na kufundisha wapya zikaonekana kwenye hesabu za kampuni mama.

AptarGroup nayo imekuwa mnunuzi wa aina hii kwa muda mrefu, ila kwa vipande vinene zaidi. Ilinunua Stelmi ya Ufaransa, watengenezaji wa vizibo vya mpira, mwaka 2012, kisha CSP Technologies mwaka 2018 kwa takribani dola milioni 555 ili kupata teknolojia ya vifungashio vinavyonyonya unyevu. Aptar alikuwa tayari anauza vipulizia vya dawa, hivyo kila ununuzi ulimpa kitu kipya cha kumuuzia mteja yuleyule. Hilo ni tofauti na kuingia ukiwa mgeni.

Inamfaa nani: kampuni ya wastani yenye uvumilivu, bosi asiyebadilika kila miaka mitatu, na mtu mmoja wa ubora mwenye mamlaka ya kusema "hii tusinunue".

Njia ya tatu: ubia na hisa chache

West Pharmaceutical Services, iliyoanzishwa 1923 Pennsylvania na Herman O. West, ni jina kubwa duniani kwenye vizibo vya mpira vya dawa za sindano. Tangu 1973 imekuwa na uhusiano na Daikyo Seiko ya Japani. Kutoka kwa Daikyo ilipata teknolojia ya kufunika kizibo kwa utando ili mpira usiathiri dawa, na plastiki ngumu inayong'aa kama kioo inayotumika kwenye vichupa na mabomba ya sindano. West haikuinunua Daikyo. Ilishika asilimia 25 ya hisa kwa miaka mingi, na mwaka 2019 ikapanda hadi 49.

Fedha. Njia ya bei ndogo kuliko zote kwa kuanzia. Gharama yake halisi ni kugawana mapato milele.

Muda. Mkataba unaweza kufungwa ndani ya mwaka. Kuaminiana kwa kiwango cha kupewa siri ya kuchanganya mpira ni habari nyingine. Kati ya hawa wawili uhusiano umepita nusu karne.

Idhini. Hapa ubia una faida ambayo wengi hawaioni. Kiwanda cha mwenzako hakijabadilika mmiliki, faili la mteja halijaguswa, wewe unaongeza soko na mtaji.

Kuunganisha. Hakuna kuunganisha, na kwa wengine hilo ndilo tatizo. Huwezi kumwamuru mbia afungue kiwanda Afrika Mashariki kwa sababu wewe umeona nafasi. Utamshawishi.

Hatari. Mbia kuuza hisa zake kwa mshindani wako, au warithi wake kuwa na mawazo mengine. Kila kitu kinategemea vifungu viwili vya mkataba: nani ana haki ya kwanza ya kununua hisa zikiuzwa, na teknolojia inabaki kwa nani ndoa ikivunjika.

Inamfaa nani: asiye na ujuzi wa kemia au kioo lakini ana soko, ardhi, mtandao wa usambazaji. Inamfaa pia mwenye fedha za kununua anayejua kwamba thamani ya kampuni anayoitaka iko vichwani mwa watu watakaoondoka akiinunua.

Njia ya nne: kujenga

Si ununuzi, lakini bila kuiweka mezani huwezi kujua kama bei unayoambiwa ni ya haki. Schott Pharma ya Ujerumani, iliyoingia soko la hisa la Frankfurt Septemba 2023, ilitangaza mwaka 2024 kiwanda cha mabomba ya sindano huko Wilson, North Carolina, kwa dola milioni 371, ikitarajia kuzalisha kuanzia 2027. Stevanato ya Italia, iliyoanzishwa 1949 na bado iko chini ya familia, ilijenga Fishers, Indiana, na kwa muda gharama za kukiamsha kiwanda kipya zilikula faida.

Fedha ni nyingi na zinatoka kabla ya mapato. Muda ni mrefu: miaka mitatu ya ujenzi, kisha uhakiki wa vyumba safi (vile vinavyozuia vumbi na vijidudu) na wa mashine, kisha mteja kukuongeza kwenye faili lake. Idhini unaianza sifuri, ingawa tume ya ushindani haitakugusa, inapenda wanaojenga. Hakuna cha kuunganisha, kila kitu kinajengwa kwa utaratibu wako. Hatari ni kufungua milango mwaka ambao wateja wana akiba ya kupita kiasi ghalani, kama ilivyotokea kwa sekta nzima baada ya manunuzi ya hofu ya wakati wa UVIKO-19.

Kumbuka kwamba Schott na Stevanato tayari walikuwa na majina kwenye mafaili ya wateja kabla ya kumwaga zege. Anayejenga bila jina anajenga kwa matumaini.

Uchague kwa hali yako

Kama una kiwanda cha familia Nairobi au Dar es Salaam kinachotengeneza chupa za plastiki na maboksi, na viwanda vya dawa vya jirani vinakulalamikia kwamba wanaagiza vifungashio kutoka India na China, anza na ubia. Tafuta mtengenezaji mwenye ISO 15378 na mwenye wateja waliokwisha mkagua, mpe soko, mwache alete utaratibu. Wakati huohuo tenga mstari mmoja kwa ajili ya vifungashio vya nje, vile visivyogusa dawa, ujifunze kukaguliwa.

Kama una mauzo mazuri, deni dogo, na umeshaanza kumhudumia mteja mmoja wa vifaa tiba, njia ya vidogo vidogo ina nafasi kubwa ya kukufaa. Ununuzi wa kwanza uwe mdogo kiasi kwamba ukishindikana mishahara italipwa. Usinunue wa pili kabla wa kwanza haujapita ukaguzi mzima wa mteja chini ya jina lako.

Kama tayari uko kwenye dawa na unachokosa ni bidhaa moja, mfano una vichupa huna vizibo, nunua aliye na hicho kinachokosekana hata kwa bei ya juu. Mteja wenu ni mmoja, na mdhibiti hana sababu kubwa ya kukuzuia kwa kuwa hamshindani.

Kama unamtaka mshindani wako wa moja kwa moja, fanya hesabu mara mbili: mara ya kwanza ukiwa na biashara yote, mara ya pili ukiwa umelazimishwa kuuza mstari wenye faida zaidi. Hesabu ya pili ikikupa hasara, acha.

Kama uko upande wa pili, yaani wewe ndiye mmiliki wa kampuni ndogo yenye vyumba safi na wateja watatu wa dawa, ujue unauza kitu ambacho mnunuzi atahitaji miaka kukijenga. Weka kumbukumbu za ukaguzi sawasawa, punguza uzito wa mteja aliye mkubwa kupita kiasi, na umwandalie mkataba mzuri yule mkuu wa ubora kabla mnunuzi hajabisha hodi, kwa sababu atakuwa mtu wa kwanza atakayemuulizia.